Tisa kwa Kumi, kwa Mashine ya Nani?

Kila wiki, mahali fulani Ulaya, Marekani au Japani, mtu hupewa gemu mpya siku kadhaa kabla haijaingia sokoni. Anaicheza, anaandika alichokiona, halafu anaipa alama. Alama hiyo inasafiri haraka kuliko gemu yenyewe. Inafika hadi Nyamongo, kata ya Matongo nchini Tanzania, ambako banda la gemu ni chumba cha mabati chenye televisheni mbili, benchi, feni, na pedi ambazo vijiti vyake vya kushoto vimelika raba yote ikabaki plastiki tupu, maana kwenye gemu za mpira kidole gumba cha kushoto ndicho kinachokimbia dakika zote tisini.

Je, alama ile inamhusu anayeshika pedi hii? Nimeona heri swali hili libishaniwe kwa sauti kadhaa. Wanaozungumza hapa chini si watu fulani wenye majina. Nimewatunga kutokana na hoja zinazosikika mitaani: mwenye banda, kijana mchezaji, mama mwenye watoto shuleni, na mwalimu wa Kiswahili wa sekondari. Nami nitaingia kati pale hoja itakaponigusa.

MWENYE BANDA: Nianze mimi, kwa sababu ndimi ninayetoa hela. Gemu mpya ya PS5 inauzwa hadi dola 70. Zigeuze kwa shilingi uone: ni zaidi ya laki moja na nusu, kwa kitu ambacho vijana wakikikataa siku ya pili kimenifia mkononi. Kwa hiyo kabla sijatoa hela naangalia alama. Metacritic ipo tangu 2001, inakusanya wahakiki kutoka kila upande na kutoa wastani juu ya mia. Kuanzia 75 rangi ni kijani, 50 hadi 74 njano, chini ya hapo nyekundu. Sina muda wa kusoma kurasa kumi za Kiingereza. Rangi inanitosha.

KIJANA: Sasa braza, rangi ilikwambia nini kuhusu eFootball? Konami walipoachana na jina la PES wakaileta ile Septemba 30, 2021, watu walicheka wakachoka. Wachezaji sura zimepinda, mikono kama imeteguka. Kule Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, wachezaji wenyewe waliiponda kuliko gemu nyingine yoyote iliyokuwa pale wakati ule, mpaka Konami wakaomba radhi. Leo pita stendi, angalia simu za bodaboda waliokaa kusubiri abiria. Wanacheza nini?

MWENYE BANDA: Wanacheza eFootball, lakini waliirekebisha, mura. Aprili 2022 wakatoa toleo lililonyooka.

KIJANA: Ndiyo hoja yangu! Gemu imebadilika, alama imebaki pale pale. Metacritic inashika alama ya kwanza ya mhakiki. Akirudi mwaka ujao akabadili mawazo, wao hawabadilishi.

Ninamuunga mkono kijana. Desturi ya kuhakiki mara moja ilizaliwa zama za kanda na diski, gemu ilipotoka kiwandani ikiwa imekwisha, kama kitabu. Jarida la Famitsu la Japani lilitumia wahakiki wanne, kila mmoja akitoa alama juu ya kumi, jumla 40. Mwaka 1998 *The Legend of Zelda: Ocarina of Time* ikawa ya kwanza kupata 40 zote, na gemu ile iliyopewa 40 ndiyo ile ile mtu aliyoichomeka nyumbani kwake. Siku hizi gemu inaletewa masasisho kila baada ya wiki chache, na kila sasisho linakula bando. Anayehakiki siku ya kwanza anahakiki kitu ambacho miezi sita baadaye hakipo.

MWALIMU: Nyinyi mnagombea muda. Mimi nataka tuzungumze mashine. Desemba 10, 2020 ilitoka *Cyberpunk 2077* ya CD Projekt, kampuni ya Poland. Wahakiki waliopewa mapema walipewa nakala za kompyuta tu, na kompyuta zao zilikuwa na nguvu. Wastani wao ukapita 80. Siku ya kutoka, mwenye PS4 ya kawaida akakuta kitu kinachostaki kila baada ya muda, sura za watu hazijakamilika, na mara kinajizima kabisa. Haikuisha hata wiki mbili, Sony wakaiondoa dukani kwao na kuahidi kurudishia watu hela. Ilirudi Juni 2021. Sasa nijibuni: wale wahakiki walidanganya?

MAMA: Hawakudanganya, Mwalimu. Walisema ya kwao.

MWALIMU: Na mwenye PS4 akayasoma kama yake.

Hapa ndipo nilipotaka tufike. Mashine nyingi zinazoingia mabanda ya huku zimeshatumika kwingine, zimepitia Mwanza, au Sirari kutoka upande wa Kenya. Sony walipotangaza mwanzoni mwa 2013 kwamba hawatengenezi tena PS2, iliendelea kuwalipa wenye mabanda wa Afrika Mashariki kwa miaka mingine mingi. Mtu wa namna hii anapofungua simu kusoma alama, anasoma ripoti ya mashine isiyo yake, ya intaneti isiyo yake, ya chumba chenye mtu mmoja aliyetulia kwenye kochi. Si kosa la mhakiki wa London kwamba ana mashine nzuri. Ila sisi tusiomwandikia mwenye PS4 iliyochoka neno lolote, tumemwacha mikononi mwa London.

MWENYE BANDA: Nikubali kwamba mmoja anaweza kukosea. Lakini wastani wa wahakiki 80 unakoseaje?

MAMA: Ngoja nikuulize na mimi. Baba wa watoto amechimba miaka mingi. Mawe yakipelekwa kupimwa anaambiwa gramu kadhaa kwa tani. Ndani ya tani ile kuna jiwe limebeba dhahabu na kuna jiwe tupu. Anayenunua tani nzima, wastani unamfaa. Wewe unanunua tani?

Mgodi wa North Mara umekuwa hapa tangu 2002, na huhitaji kumfundisha mtu wa Matongo hesabu ya gramu kwa tani. Mama amegusa kiini: wastani humfaa zaidi anayenunua kwa jumla, na katika biashara ya gemu anayenunua kwa jumla ni kampuni. Mwaka 2010 studio ya Obsidian ilitengeneza *Fallout: New Vegas* kwa ajili ya kampuni ya Bethesda. Mmoja wa wabunifu wakuu wa Obsidian, Chris Avellone, alifichua mwaka 2012 kwamba mkataba wao uliahidi bonasi endapo Metacritic ingefika 85. Ikafika 84. Alama moja, ambayo mhakiki mmoja mwenye usingizi angeweza kuipunguza au kuiongeza, ikaamua malipo ya watu waliokesha kazini. Wale wahakiki hawakuwa wakiandika mikataba. Walidhani wanamshauri mnunuzi.

KIJANA: Na pesa ikishaingia, hongo inafuata.

MWENYE BANDA: Hayo ni maneno ya vijiweni.

KIJANA: Si ya vijiweni, braza. Novemba 2007 Jeff Gerstmann wa tovuti ya GameSpot aliipa *Kane & Lynch* sita kwa kumi. Ukurasa mzima wa GameSpot wakati ule ulikuwa umepambwa matangazo ya gemu hiyo hiyo. Akafukuzwa kazi. Watu wakahisi, na mwaka 2012 mwenyewe akaeleza hadharani kwamba chanzo kilikuwa ni shinikizo la watangazaji. Kwa hiyo wahakiki wote waondoke, alama tutoe sisi wachezaji. Anayecheza ndiye anayejua.

MWALIMU: Juni 2020 ilitoka *The Last of Us Part II*. Gemu ya saa zaidi ya ishirini. Saa chache baada ya kutoka, maelfu walikuwa wameshaipa sifuri. Walimaliza lini?

KIJANA: Madam, hao walikuwa na hasira tu na hadithi yake.

MWALIMU: Na hasira haihitaji kucheza. Metacritic wakalazimika kuweka kanuni mpya, mchezaji asubiri siku moja na nusu baada ya gemu kutoka kabla hajatoa alama.

KIJANA: Sawa, lakini kumbuka na *Helldivers 2*. Mei 2024 Sony walitangaza kwamba anayeicheza kwenye kompyuta lazima afungue akaunti ya PlayStation. Na akaunti hiyo Sony hawaitoi Tanzania. Nchi zaidi ya 170 zikafungiwa kuinunua kule Steam, na sisi tukiwemo. Nani alitutetea? Si wahakiki. Ni wachezaji waliomwaga alama mbaya zaidi ya laki mbili ndani ya siku tatu, mpaka Sony wakarudi nyuma.

MWENYE BANDA: Hilo la akaunti ni kweli. Ya kwangu inasema naishi Marekani.

Ningependa kijana na mwalimu wote wawili washinde hapa, maana wanazungumzia mambo mawili tofauti. Laki mbili za *Helldivers 2* hazikuwa uhakiki. Yalikuwa maandamano, yenye haki yake, na kwa Mtanzania aliyekwisha kuinunua yalikuwa na faida ya wazi. Maandamano yanahesabiwa vichwa. Uhakiki unataka mtu mmoja aliyekaa na kitu mpaka mwisho na anayeweza kukueleza kwa nini. Tukichanganya uhakiki na maandamano, tunapoteza vyote: kampuni zinajifunza kupuuza hasira ya wachezaji, na wachezaji wanajifunza kupuuza hoja.

MAMA: Na mimi alama yangu mbona hamjaigusa? Ile ya umri.

MWENYE BANDA: Ipi, mama?

MAMA: Mwanangu alikuwa darasa la tano anacheza *San Andreas* kwako. Anaiba gari, anapiga watu risasi. Nilidhani ni katuni. Baadaye naambiwa Ulaya iliandikwa 18.

MWENYE BANDA: Iliandikwa kwenye kasha, mama. Diski ilifika kwangu ndani ya mfuko wa nailoni, imeandikwa kwa kalamu ya wino.

Sina la kuongeza zaidi ya hili: Marekani ilianza kuweka alama za umri mwaka 1994, mfumo wa pamoja wa Ulaya ukaanza mwaka 2003, na kwa gemu za diski alama hizo hukaa kwenye kasha. Palipo na nakala isiyo na kasha, onyo limebaki bandarini. Mama anastahili kuambiwa kwa Kiswahili, mlangoni mwa banda, gemu hii ina nini ndani yake. Kipande cha boksi na kalamu ya wino vinatosha kwa kazi hiyo.

Sasa nifike kwenye gemu iliyonifanya niandike mjadala huu. Aprili 23, 2024 ilitoka *Tales of Kenzera: ZAU*. Aliyeibuni ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye wachezaji wanamjua kwa sauti ya Bayek katika *Assassin's Creed Origins* ya 2017. Studio ni yake, Surgent, na msambazaji ni EA. Salim alifiwa na baba yake mwaka 2013, na gemu hii aliijenga juu ya msiba huo: Zau, mganga kijana, anaingia mapatano na Kalunga, mungu wa kifo, ili baba yake arudishwe. Anavaa kinyago cha jua na kinyago cha mwezi, kila kimoja na nguvu zake. Na gemu hii tangu siku ya kwanza iliweza kuchezwa kwa sauti za Kiswahili. Si maandishi chini ya kioo. Waigizaji wanazungumza Kiswahili.

Wahakiki waliipa sabini na kitu kwa mia. Wengi walisifu hadithi, rangi, na muziki wa Nainita Desai, wakalalamika kwamba mapigano yanajirudia na njia imenyooka mno. Mwaka 2025 ikapata tuzo ya BAFTA ya gemu yenye maana zaidi ya burudani. Kabla ya hapo, miezi michache tu baada ya gemu kutoka, studio ilikuwa imeanza kupunguza wafanyakazi.

KIJANA: Sabini na kitu! Gemu ya Kiswahili ya kwanza ya hadhi hiyo, inapewa alama za huruma. Wangejua lugha wangeipa tisini.

MWALIMU: Hapana. Kama mapigano yanajirudia, yanajirudia hata kwa Kiswahili. Mwanafunzi wangu akiandika insha mbaya juu ya marehemu baba yake, nitalia naye, halafu nitamsahihisha.

KIJANA: Lakini, madam, aliyehakiki aliwasikia wale waigizaji? Alijua kama Kiswahili chao kinatiririka au kinakwama?

MWALIMU: Hapo umenipata. Hapo ndipo uhakiki wetu unapotakiwa kuanza.

Asikilizwe mwalimu, kwa sababu ana chombo ambacho hatujakitumia. Kila aliyesoma Kiswahili sekondari Tanzania amehakiki tamthilia na riwaya kwa fani na maudhui. Anajua kuuliza mandhari, wahusika, matumizi ya lugha, muundo. Anajua kuuliza dhamira, migogoro, falsafa ya mwandishi. Kijana wa kidato cha nne anaweza kukaa na ZAU akaandika juu ya mgogoro wa mtu anayekataa kuzika, jambo ambalo wahakiki wengi wa kigeni walilipitia kwa sentensi mbili. Anaweza kueleza kama Kalunga anazungumza kama mzee wa kwetu au kama mtu aliyekariri. Redio zetu asubuhi zimejaa wachambuzi wa mpira wanaobishana saa nzima juu ya kiungo mmoja wa Simba au Yanga, na msikilizaji hachoki, wala hawasubiri London iwaambie nani alicheza vizuri. Uwezo wa kuchambua tunao tele. Hatujaupeleka kwenye pedi.

MWALIMU: Ila nikuonye. Fani na maudhui havitoshi. Riwaya huishiki. Gemu ina mkono ndani yake. Zau akiruka, je, anaruka pale kidole kinapobonyeza, au anachelewa? Ukianguka shimoni, unarudishwa hatua tatu au hatua mia? Hayo hayamo kwenye silabasi yangu.

KIJANA: Hayo niachie mimi.

MWENYE BANDA: Nyote mnazungumza vizuri, ila hakuna aliyeniuliza kama ZAU inaweza kuingia humu ndani. Moja, haikutoka kwa PS4, na mashine zangu ni PS4. Mbili, ni ya mtu mmoja. Humu ninauza mechi. Wawili wanacheza dakika kumi, aliyefungwa anaamka, mwingine anakaa. Gemu ya hadithi nitaitoza vipi?

Nimesoma uhakiki mwingi wa gemu, wa Kiingereza wote, na swali hili silikumbuki popote. Kumbe ndilo linaloeleza kwa nini mabanda yetu yamejaa mpira na ngumi. Hatukuzaliwa na mapenzi ya mpira peke yake. Mpira una kipenga cha mwisho, na kipenga kinatengeneza foleni ya malipo. Gemu yenye kisa cha saa nane haina mahali pa kukatia tiketi. Mhakiki wa kwetu asiyeliona hilo atakuwa amehamisha macho ya London tu na kuyavika Kiswahili. Ninachomwomba aseme kabla ya yote ni aliicheza kwenye mashine ipi, ilikula bando kiasi gani, na ni watu wangapi wanaoweza kuketi benchi moja wakaifurahia. Baada ya hapo aje na dhamira, na mkono, na lugha. Akitaka kuweka namba mwishoni, aweke. Itakuwa imebeba maelezo yake.

MAMA: Na huyo mhakiki atakula nini? Mmesema wenyewe, wa Marekani alifukuzwa kwa matangazo.

MWALIMU: Asilipwe na anayeuza gemu, mama. Hilo la kwanza. Aandike kwenye gazeti la shule, asome redioni, abandike ukutani hapa. Wenye mabanda wakichangia kidogo kidogo, wao ndio wanaookoa laki na nusu kila mhakiki anapowaambia wasinunue.

MWENYE BANDA: Nichange ili nikatazwe?

MWALIMU: Uchange ili ukatazwe mapema.

KIJANA: Braza, chukua hiyo ZAU. Ilitoka kwa dola 19.99, tuseme shilingi elfu hamsini. Siku ukipata PS5, toza kwa saa. Elfu moja saa. Gemu nzima kama saa nane, elfu nane mtu. Wakimaliza watu saba umerudisha hela na chenji imebaki. Na wengine watakaa kutazama, wanaelewa kila neno. Hilo la kuelewa kila neno kwenye gemu kubwa hujawahi kuwapa.

MWENYE BANDA: LUKU hujaipigia hesabu. Na wanaotazama hawalipi.

KIJANA: Kwenye banda la video wanaotazama ndio wanaolipa.

MWENYE BANDA: Hiyo ni filamu, inaisha. Huyu akifia shimoni mara ishirini, watazamaji wangu watakaa?

KIJANA: Inategemea ukianguka unarudishwa wapi.

MWALIMU: Basi anza na hilo. Andika sentensi ya kwanza, niletee kesho niisahihishe.